Gari Letu Linakwenda MOT

 

Somo la wiki hii si la mtoto peke yake. Likalieni pamoja, mtoto na mzazi. Mtoto asome kwa sauti na mzazi amsahihishe matamshi. Tutajifunza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni ukaguzi wa magari wa kila mwaka hapa Uingereza, ule tunaouita MOT. La pili ni namna kitenzi cha Kiswahili kinavyofuata ngeli ya kitu kinachotajwa.

Kwa nini nimechagua gari? Kwa sababu wengi wetu tunafanya kazi za zamu. Gari ndilo linalotufikisha kazini alfajiri kabla basi la kwanza halijapita, na ndilo linalowaleta nyinyi watoto hapa shuleni kila Jumamosi. Lakini siku ya MOT ikifika, wazazi wengi hupeleka gari gereji kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu. Wanakaa, wanangoja, wanapewa karatasi, wanalipa, wanaondoka bila kujua karatasi imesema nini. Mimi ni muuguzi, si fundi wa magari. Kazini kwangu najua mgonjwa anayeelewa majibu yake hujitunza vizuri zaidi kuliko yule anayeitikia tu kila anachoambiwa. Gari nalo ni hivyo hivyo. Karatasi ile ni yenu. Isomeni.

MOT ni nini?

Herufi hizo tatu zimetokana na jina la zamani la Wizara ya Uchukuzi ya Uingereza. Wizara ilikwishabadilisha jina, lakini ukaguzi umebaki na lile la zamani. Ulianza mwaka 1960. Wakati huo yalikaguliwa magari yaliyotimiza miaka 10 au zaidi, na kilichotazamwa kilikuwa breki, taa na usukani tu. Mwaka uliofuata umri ulishushwa hadi miaka 7, na mwaka 1967 ukashushwa hadi miaka 3. Ndivyo ilivyo hadi leo Uingereza, Uskoti na Wales: gari likitimiza miaka 3 tangu lisajiliwe linakaguliwa, kisha linakaguliwa kila mwaka. Ndugu zetu walioko Ireland ya Kaskazini wana utaratibu wao. Kule gari dogo huanza kukaguliwa likitimiza miaka 4, na ukaguzi hufanywa katika vituo vya serikali.

Wazazi waliokulia Tanzania wanakumbuka Wiki ya Nenda kwa Usalama, trafiki wakikagua magari na stika ikibandikwa kwenye kioo. Hapa hakuna stika ya MOT kwenye kioo. Hata ile stika ya kodi ya barabara iliondolewa mwaka 2014. Kila kitu kimo kwenye kompyuta, na kamera za polisi husoma namba ya gari likipita. Kwa hiyo usiseme, "Hakuna atakayejua." Ukiendesha gari lisilo na MOT unaweza kupigwa faini hadi pauni 1,000. Bila MOT huwezi pia kulilipia gari kodi ya barabara.

Jambo jingine linalowaponza watu ni kusubiri barua. Barua ya kukumbusha kodi huja nyumbani, lakini ya MOT haiji. Ingia kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK, uandikishe namba ya gari lako. Utakuwa unakumbushwa kwa ujumbe wa simu au barua pepe, bila malipo.

Unaweza pia kukagua mapema bila kupoteza siku zako. Tuseme cheti chako kinaisha tarehe 20 Oktoba. Ukipeleka gari kuanzia tarehe 21 Septemba, cheti kipya kitaisha tarehe 20 Oktoba ya mwaka unaofuata. Faida yake ni kwamba likianguka, bado una muda wa kutafuta pesa na fundi. Usingoje siku ya mwisho.

Mazungumzo: Tuzunguke gari

Someni mazungumzo haya wawili wawili. Mkimaliza, tokeni nje mkafanye kweli.

Mtoto: Shikamoo baba.

Baba: Marahaba mwanangu. Vaa koti tutoke nje. Gari linakwenda MOT Alhamisi, nataka tulitazame kwanza.

Mtoto: Si fundi ndiye atakayelitazama?

Baba: Fundi atalitazama. Lakini balbu moja ya bei ndogo, kwa nini iangushe gari zima? Haya, simama nyuma pale. Nakanyaga breki. Taa zinawaka?

Mtoto: Ya kulia inawaka. Ya kushoto imeungua.

Baba: Umeona? Hiyo tumeshaipata. Na indiketa?

Mtoto: Zote zinawaka. Taa ya namba ya gari pia inawaka.

Baba: Shika sarafu hii ya peni 20. Isimamishe ndani ya mfereji wa tairi. Unauona ule ukingo wa nje wa sarafu?

Mtoto: Kwenye tairi hili siuoni. Kwenye lile la mbele kushoto nauona wote.

Baba: Basi lile limeisha. Limekuwa kipara.

Mtoto: Kama babu!

Baba: Babu yako asikusikie! Haya, ingia ndani. Vuta mikanda yote, hata wa katikati usiofungwa na mtu.

Mtoto: Wa pembeni yote miwili inafunga. Wa katikati umekwama chini ya kiti.

Baba: Utoe taratibu. Sasa nawasha wipa na maji ya kioo.

Mtoto: Maji hayatoki, baba.

Baba: Yameisha. Tutaongeza. Na hapa kwenye dashibodi, gari likishawaka, kuna taa yoyote ya onyo iliyobaki?

Mtoto: Hapana, zote zimezimika.

Baba: Vizuri. Leo umenisaidia kweli kweli.

Kila kitu ambacho baba na mtoto wametazama hutazamwa na mkaguzi. Kwa tairi, sheria inataka mifereji iwe na kina cha milimita 1.6 au zaidi katika robo tatu za katikati ya upana wa tairi, kuzunguka tairi lote. Sarafu ya peni 20 ni kipimo cha nyumbani. Ukiuona ukingo wake wa nje, tairi huenda liko chini ya sheria, mwonyeshe fundi. Mwombe mtoto apime sehemu tatu tofauti za tairi, maana tairi linaweza kuisha upande mmoja tu.

Kioo cha mbele nacho kina kipimo. Jeraha la kioo lililo mbele ya macho ya dereva, katika eneo linalofutwa na wipa, lisizidi milimita 10. Sehemu nyingine zinazofutwa na wipa, lisizidi milimita 40. Na taa ya onyo ya injini, ya breki za ABS au ya mfuko wa hewa ikibaki inawaka, gari linaanguka.

Cheti ni cha siku ile

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mtu akija kliniki nikampima presha ikawa nzuri, nimepima presha ya saa ile. Sijamwandikia dhamana ya mwaka mzima. Cheti cha MOT nacho kinasema kwamba siku ile, saa ile, gari lilifikia kiwango cha chini kinachotakiwa na sheria. Tairi linaweza kuchanwa kesho yake kwenye ukingo wa barabara. Balbu inaweza kuungua wiki ijayo. Gari likiwa bovu barabarani, cheti kilichomo kwenye kompyuta hakikuokoi, si mbele ya polisi wala mbele ya lori.

Tena kuna vitu ambavyo MOT haivitazami kabisa. Haipimi hali ya ndani ya injini, klachi wala giaboksi. Kwa hiyo gari kupita MOT si sawa na gari kufanyiwa sevisi. Sevisi ni matunzo, MOT ni mtihani.

Kutafuta gereji

Gereji iliyoruhusiwa kukagua ina kibao cha rangi ya bluu chenye pembetatu tatu nyeupe. Usipokiona kibao hicho, hapo si mahali pa MOT, hata kama fundi ni hodari namna gani. Anaweza kukutengenezea gari, lakini hawezi kukupa cheti. Wanaosimamia vituo hivi ni wakala wa serikali uitwao DVSA, na kwenye GOV.UK kuna orodha ya vituo vilivyo karibu na unapoishi.

Bei ina kikomo. Kwa gari dogo la kawaida, kituo hakiruhusiwi kukutoza zaidi ya pauni 54.85 kwa ukaguzi. Vituo vingi hutoza chini ya hapo. Bei ndogo ni nzuri, ila isiwe ndiyo sababu pekee ya kuchagua. Uliza majirani, uliza wenzako kazini, uliza na wazazi wenzako hapa shuleni wanapokunywa chai.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui ni kwamba baadhi ya halmashauri zina vituo vyao vya MOT, vinavyokagua magari ya halmashauri na pia ya wananchi. Vingi vya aina hii havitengenezi magari ya watu, vinakagua tu. Anayekagua hapo hana cha kukuuzia. Kama una wasiwasi na gereji, ulizia kama halmashauri yako ina kituo.

Kabla hujapeleka gari, piga simu uulize maswali haya manne. Watoto, yafanyieni mazoezi kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza:

1. Ukaguzi ni bei gani?
2. Likianguka, kurudia ni bure au nalipa?
3. Mtanipigia simu na kunitajia bei kabla ya kutengeneza kitu chochote?
4. Naweza kukaa na kutazama mnapokagua?

Swali la nne mna haki ya kuliuliza. Kila kituo lazima kiwe na mahali pa mwenye gari kutazamia, mradi asimsumbue mkaguzi. Kuhusu swali la pili, ukiliacha gari hapo hapo litengenezwe na likarudiwa ndani ya siku 10 za kazi, ukaguzi wa kurudia haulipiwi. Ukiliondoa na kulirudisha kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata, baadhi ya vitu hurudiwa bure pia. Na hakuna sheria inayokulazimisha kutengeneza gari pale lilipoangukia. Unaweza kuuliza bei kwa fundi mwingine.

Kusoma karatasi

Tangu Mei 2018, makosa yanapangwa kwa uzito wake. Maneno manne ya Kiingereza mtakayoyakuta ni haya:

"Dangerous" ni hatari. Gari limeanguka, na usiliendeshe mpaka litengenezwe. Hapa hata kama cheti cha zamani hakijaisha, hakikusaidii. Ukikamatwa unaliendesha, faini inaweza kufika pauni 2,500, na pointi 3 kwenye leseni.

"Major" ni kosa kubwa. Gari limeanguka, litengenezwe mara moja. Kama cheti cha zamani bado kina siku, na hakuna kosa la hatari, unaweza kuliondoa gari hapo ukatafute fundi. Lakini bado wajibu ni wako kwamba gari liwe salama barabarani.

"Minor" ni kosa dogo. Gari limepita, ila litengeneze mapema.

"Advisory" ni ushauri. Gari limepita. Mkaguzi anakuambia kitu fulani kinaelekea kuharibika, kiangalie.

Neno hili la mwisho ndilo linalopuuzwa zaidi. Watu wakiona gari limepita, karatasi inaingia kwenye droo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ikiandikwa leo kwamba pedi za breki zimeanza kuisha, mwulize fundi zinaweza kwenda muda gani na bei yake ni kiasi gani, uanze kuweka pesa kidogo kidogo. Mwaka kesho zikiangusha gari, hutaweza kusema hukuambiwa.

Karatasi ikipotea, usihangaike. Andika namba ya gari kwenye GOV.UK utaona historia yake ya MOT tangu mwaka 2005, pamoja na maili zilizosomwa kila lilipokaguliwa. Hii inafaa sana unapotaka kununua gari lililotumika, liwe la kutumia hapa au la kumpelekea ndugu nyumbani. Maili za mwaka huu zikiwa chache kuliko za mwaka jana, muulize muuzaji kwa nini. Soma na ushauri wa miaka iliyopita, uone kama yaliyosemwa yalitengenezwa.

Na kama unaamini gari limeangushwa bila haki, zungumza kwanza na kituo. Usipokubaliana nao, unaweza kukata rufaa DVSA ndani ya siku 14 za kazi. Usitengeneze kitu unachobishania kabla ya rufaa, maana watakaokuja kukagua upya hawatakuwa na cha kuona.

Mtoto anapotafsiri

Najua katika nyumba nyingi mtoto ndiye anayeongea na fundi. Hospitali tunakofanya kazi hatumtumii mtoto kumtafsiria mzazi wake, kwa sababu mzigo ni mkubwa kwake. Gereji hakuna wakalimani, kwa hiyo inatokea. Basi tuifanye kwa adabu.

Mtoto, sema kile kilichosemwa. Usiongeze, usipunguze. Usiogope kumwambia mama kwamba bei ni kubwa, na usiifiche ili asihuzunike. Usipoelewa neno, mwambie fundi arudie au aandike. Hata watu wazima wanaozungumza Kiingereza tangu kuzaliwa hawayajui majina ya vyuma vyote vilivyo chini ya gari.

Mzazi, mtoto asiulizwe, "Sasa tufanye nini?" mbele ya fundi. Uamuzi wa pesa na usalama ni wako. Mwombe fundi akuonyeshe kwa kidole kitu kilichoharibika, ukione kwa macho yako. Mwambie utampigia simu baadaye. Kisha nendeni nyumbani mkae, mzungumze kwa Kiswahili, mwamue.

Kanuni ya lugha

Kwa Kiingereza kitu chochote kikiharibika kitenzi hakibadiliki sana. Kwa Kiswahili, kitenzi kinakuambia ni ngeli gani. Tazameni:

Gari limeharibika. Magari yameharibika.
Tairi limeisha. Matairi yameisha.
Taa imeungua. Taa zimeungua.
Mkanda umekatika. Mikanda imekatika.
Kioo kimepasuka. Vioo vimepasuka.
Fundi amepiga simu. Mafundi wamepiga simu.

Angalieni fundi. Wingi wake unaanza na ma- kama magari, lakini fundi ni mtu, kwa hiyo tunasema amepiga na wamepiga. Hatusemi "fundi limepiga simu."

Nyumbani mnaweza kusikia watu wakisema "gari inaenda." Ni mazungumzo, hakuna ugomvi. Darasani na kwenye maandishi tunaandika gari linaenda. Pia wengine husema limekwisha badala ya limeisha, yote ni sawa.

Na maneno yetu hayafanani kila mahali. Tairi wengine huliita mpira. Kadi ya gari, wengine wataiita logibuku. Muulizeni baba, mama au bibi nyumbani wanasemaje, mje mtuambie.

Zoezi

Jaza nafasi iliyo wazi:

1. Mikanda ya nyuma ___katika. (-me-)
2. Usukani ___vuta kushoto. (-na-)
3. Matairi ya mbele ___isha. (-me-)
4. Cheti cha MOT ___isha mwezi ujao. (-ta-)
5. Breki za nyuma ___lia. (-na-)
6. Fundi ___tutajia bei. (-me-)
7. Moshi mweusi ___toka nyuma ya gari. (-na-)
8. Vioo vya pembeni ___legea. (-me-)

Majibu: 1. imekatika. 2. unavuta. 3. yameisha. 4. kitaisha. 5. zinalia. 6. ametutajia. 7. unatoka. 8. vimelegea.

Kazi ya nyumbani

Wiki hii, mtoto na mzazi watafute pamoja historia ya MOT ya gari lenu kwenye GOV.UK. Andikeni tarehe cheti kinapoisha, mbandike kwenye friji. Kama kuna ushauri wowote ulioandikwa, mtoto autafsiri kwa Kiswahili katika sentensi mbili au tatu, na mzazi aandike chini yake: tumeshatengeneza, au tutatengeneza mwezi gani. Familia isiyo na gari itazame la jirani au la ndugu, kwa ruhusa ya mwenyewe.

Leteni madaftari Jumamosi. Nitayasahihisha kabla ya mapumziko, na mwenye sarafu ya peni 20 aje nayo, tutapima matairi ya magari yaliyoegeshwa hapo nje, kuanzia la mwalimu.